Mwanasheria Aliyetawala Ng'ambo ya Songwe

Ndugu wasikilizaji, majuma mawili yaliyopita mzee mmoja, jirani yangu hapa mtaani, alinijia jioni akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa koti. Mzee huyu ni mzaliwa wa Rungwe, karibu na Tukuyu, ingawa ameishi mjini kwa zaidi ya miaka 30. Akaniambia, "Mwanangu, wewe husoma mambo redioni. Hebu nisomee na hii."

Nikaipokea. Ulikuwa mkataba wa kukodisha shamba la ukoo wao, shamba la migomba na kahawa, kwa mtu anayetaka kupanda miparachichi. Muda wa kukodisha ulikuwa miaka 33. Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza kitupu, kurasa 6, na mwisho wake palikuwa na nafasi za watu wanne kutia saini. Ndugu zake wawili kule nyumbani walikuwa wamekwisha tia dole gumba. Yeye alikuwa wa tatu.

Nikamwuliza, "Mzee, hao ndugu zako waliambiwa karatasi hii ni ya nini?"

Akajibu, "Waliambiwa ni ya urafiki tu, ili mgeni aonekane amepokewa."

Wasikilizaji wapenzi, neno hilo la urafiki lilinishtua. Lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 100, kwenye habari za Mwingereza mmoja ambaye kazi aliyosomea ilikuwa ni kuandika karatasi za namna hiyohiyo. Mtu huyo hakuitawala Tukuyu. Lakini aliitawala nchi iliyo ng'ambo ya mto Songwe, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Tukuyu, na mambo yaliyofanyika katika siku zake yanawagusa watu wa Rungwe na Kyela hata leo. Jina lake ni Alfred Sharpe. Leo ningependa tumzungumzie mtu huyu, si kwa kumsifu wala kwa kumlaani, bali kwa kujifunza.

Alfred Sharpe alizaliwa mwaka 1853 katika mji wa Lancaster, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Edmund Sharpe, alikuwa msanifu wa majengo na mtu wa shughuli za reli, tena aliwahi kuwa meya wa mji huo. Kwa hiyo kijana hakuzaliwa katika dhiki. Alipelekwa shule nzuri, kisha akasomea sheria.

Hapa yafaa tueleze jambo moja. Kwetu Tanzania mwanasheria anayehudumia wateja huitwa wakili, na wakili huyohuyo aweza kukuandikia hati ofisini na kesho yake akakutetea mahakamani. Kwa Waingereza sivyo. Wao tangu zamani wana mawakili wa aina mbili. Wapo wanaovaa mawigi na kusimama kuzungumza mbele ya majaji wa mahakama kuu. Na wapo wanaokaa ofisini, ambao ndio wanaoandika hati za kuuziana nyumba na ardhi, wasia, na mikataba ya kila namna. Hawa wa pili huitwa masolisita. Solisita ni mtu wa karatasi. Yeye anajua neno gani likiwekwa mahali gani litamfunga nani, na kwa muda gani. Sharpe alikuwa solisita.

Lakini maisha ya ofisi hayakumtosha. Katikati ya miaka ya 1880 alikuwa visiwani Fiji, katika bahari ya Pasifiki, ambako alijaribu kilimo na kushika kazi ya hakimu kwa muda. Mwaka 1887 akaja Afrika ya Kati, nchi za Ziwa Nyasa, kuwinda tembo kwa ajili ya pembe. Alikuwa na umri wa miaka 34, hana cheo, hana serikali nyuma yake, ana bunduki tu na elimu yake ya sheria.

Je, aliikuta hali gani huku?

Ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kabla ya kuja Wazungu, haikuwa na mpaka pale Songwe. Wanyakyusa wa kaskazini ya mto na Wangonde wa kusini walikuwa, na wangali, watu wa lugha moja. Mapokeo ya wazee yanasema kwamba Lwembe aliyekaa Lubaga, huku Rungwe, na Kyungu, mtawala wa Wangonde, ni wa asili moja, na kwamba Kyungu alikuwa akipeleka sadaka Lubaga. Mto ulikuwa mahali pa kuvuka tu.

Mwaka huohuo wa 1887 vita vilizuka karibu na Karonga. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi, akiwa na wenzake kutoka pwani, aliwashambulia Wangonde na kuwaua wengi. Waliosalimika walikimbia, na wengine walivuka Songwe kuwakimbilia ndugu zao wa kaskazini. Kampuni ya Waskoti iliyofanya biashara ziwani, ambayo watu waliiita Mandala, ilipigana na Mlozi hadi mwaka 1889 bila kumshinda kabisa. Wawindaji wa Kizungu waliokuwa nchini walijiunga na vita hivyo, na Sharpe alikuwa mmoja wao. Mlozi mwenyewe alikamatwa na kunyongwa Desemba 1895.

Ni haki kusema kwamba biashara ile ya watumwa ilikuwa balaa, na waliopigana nayo walifanya jambo jema. Lakini mtu anayekusaidia kumfukuza mwizi usiku hapati kwa sababu hiyo hati ya nyumba yako. Na hilo ndilo lililotokea.

Mwaka 1889 serikali ya Uingereza ilimleta Harry Johnston kuwa balozi wake katika nchi hizi. Johnston hakuwa mwanasheria. Alikuwa mchoraji na mtafiti wa wanyama na mimea. Alihitaji watu wa kuzunguka kwa watawala wa Kiafrika na kupata alama zao katika mikataba kabla Wajerumani, Wareno na Wabelgiji hawajafika. Sharpe alijua pori, na alijua sheria. Basi mwaka 1890 akatumwa.

Akaenda hadi kwa Mwata Kazembe, karibu na Ziwa Mweru, akapata mkataba. Ulikuwa mkataba wa urafiki. Miaka 9 baadaye, mwaka 1899, jeshi la Waingereza likaenda kwa Kazembe kwa sababu alikataa kutawaliwa na kutozwa kodi. Mji wake ukachomwa moto. Sharpe mwenyewe, aliyekuwa ameuleta ule mkataba wa urafiki, alikuwamo katika safari hiyo ya vita.

Kutoka kwa Kazembe, mwaka 1890, Sharpe aliendelea hadi Bunkeya, katika nchi ya Katanga, kwa mtawala aliyeitwa Msiri. Sisi Watanzania tunapaswa kulikumbuka jina hili, maana Msiri hakuwa mgeni kwetu. Asili yake ni magharibi ya Tanzania ya leo, katika Wasumbwa wa Unyamwezi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba aliyesafiri hadi Katanga, na mwana akaenda huko akajijengea dola kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa, na kwa nguvu ya bunduki. Alikuwa mtawala mkali sana. Lakini hakuwa mjinga.

Mmishenari Frederick Arnot, aliyekaa Bunkeya kabla ya hapo, alikuwa amemwonya Msiri kwamba asikubali karatasi yoyote ya Mzungu mpaka imetafsiriwa neno kwa neno. Sharpe alipofika Novemba 1890 na karatasi yake, Msiri akataka isomwe yote. Ikasomwa. Msiri aliposikia kwamba karatasi ile, pamoja na maneno yake matamu ya urafiki, ilikuwa inamtoa mkononi nchi yake, alikasirika mno, akakataa. Sharpe akaondoka mikono mitupu, akihofia usalama wake. Baadaye alitoa maoni kwamba Msiri hataweza kupatikana ila kwa nguvu.

Na kweli nguvu ilikuja, ingawa si ya Waingereza. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma msafara chini ya Kapteni William Stairs, uliopitia pwani yetu na Tabora ukiwa na wapagazi wengi wa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi na kufa.

Wengine watasema, basi kusomewa kulimsaidia nini, ikiwa mwisho wake ni risasi? Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Kusoma hakuzuii risasi. Lakini Msiri hakuna mtu anayeweza kusema kwamba aliiuza Katanga kwa mkono wake mwenyewe. Walioichukua walilazimika kuonekana jinsi walivyo. Tena tuzingatie kwamba solisita yule, pamoja na elimu yake yote, alishindwa na jambo moja dogo tu, yaani mtu kusema: "Nisomee kwanza."

Wakati Sharpe akitembea kwa Kazembe na kwa Msiri, karatasi nyingine kubwa zaidi ilikuwa imekwisha tiwa saini Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi. Mpaka ukafuata ufuko wa Ziwa Nyasa, upande wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe, kisha ukapanda kwa kuufuata mto huo. Hakuna Mnyakyusa wala Mngonde aliyeulizwa. Mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili walikuja kuuweka mpaka huo ardhini, na mwaka 1901 serikali hizo mbili zikauthibitisha.

Basi ndugu wa lugha moja wakawa na wakubwa wawili. Kaskazini ya Songwe walikuwa Wajerumani, ambao baadaye walijenga boma lao Tukuyu na kuuita mji huo Neu Langenburg. Kusini ya Songwe alikuwa Sharpe. Tangu mwaka 1896 yeye ndiye aliyeshika nafasi ya Johnston akawa Kamishna. Mwaka 1903 akapewa cheo cha heshima, akaitwa Sir Alfred. Mwaka 1907 nchi ile ilipopewa jina la Nyasaland, yeye akawa gavana wake wa kwanza. Mtoto wa Lancaster aliyeacha ofisi ya sheria akawa mtawala wa nchi nzima, makao yake Zomba. Alistaafu mwaka 1910.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Kati ya mwaka 1892 na 1894, Johnston akiwa Kamishna na Sharpe naibu wake, serikali ile changa ilichunguza madai ya Wazungu na makampuni waliosema wamenunua ardhi kwa machifu. Watu hao walionyesha karatasi zenye alama za machifu. Bei zilikuwa nguo, bunduki, shanga na vitu vingine vidogo. Johnston alifahamu vizuri kwamba kwa desturi ya Waafrika ardhi ni ya watu wote, na chifu ni mwangalizi tu, hana uwezo wa kuiuza. Hata hivyo ikachukuliwa kwamba watu wamekubali kimya kimya chifu awe na uwezo huo. Angalieni, wasikilizaji: kimya cha watu kikageuzwa kuwa sahihi yao.

Matokeo yake zilitolewa hati 59. Kwa hati hizo ekari milioni 3.7, kiasi cha asilimia 15 ya nchi yote, zikawa mali ya Wazungu na makampuni. Katika ekari hizo, milioni 2.7 zilikuwa upande wa kaskazini, nchi ya Karonga na jirani zake, nazo zikawa za kampuni ya Cecil Rhodes. Haki hiyo ilitokana na mikataba ambayo Mandala walikuwa wamefunga na machifu wa Wangonde katikati ya miaka ya 1880. Machifu wale walidhani wanapata rafiki wa kuwalinda dhidi ya maadui. Kampuni ile haikuirudisha ardhi hiyo kwa serikali mpaka mwaka 1936. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 Mngonde aliyelima pale alipolima babu yake alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mpangaji katika shamba la watu wa London.

Haki ya historia inatudai tuseme na upande wa pili. Katika hati zile kiliwekwa kifungu cha kuwalinda wenyeji. Kilisema kwamba vijiji na mashamba yaliyokuwapo siku ya kutolewa hati yasisumbuliwe bila ruhusa ya serikali. Ukikisoma kifungu hicho utasema, hawa watu walikuwa na huruma. Lakini tatizo ni kwamba wenyeji wa kule walikuwa wakilima mahali kwa miaka michache, kisha wanahama ili ardhi ipumzike. Kifungu kililinda shamba lililokuwapo siku ile. Baada ya miaka 10 shamba la siku ile limekuwa pori, na mwenyewe yuko ng'ambo ya kilima. Nani atathibitisha kwamba yeye ni mwenyeji wa siku ile na si mgeni aliyekuja jana? Aliyeonekana mgeni alitakiwa alipe kodi ya ardhi kwa jasho, kwa kumfanyia kazi mwenye hati. Kazi hiyo iliitwa thangata, na wazee wa Malawi bado wanalichukia neno hilo.

Mwaka 1903 suala hilo lilifika mahakamani mbele ya Jaji Nunan. Jaji akaona kwamba kifungu cha ulinzi kilikuwa kimepuuzwa, na kwamba haikuwezekana tena kuwatenga wenyeji wa asili na waliohamia. Tume ikaundwa, na sheria ikatungwa mwaka 1904 ili watu waliokuwa ndani ya mashamba ya Wazungu watengewe maeneo yao. Kamishna wa siku zile, yaani Sharpe, alikuwa mwanasheria. Alielewa kila neno la sheria ile. Lakini sheria haikutekelezwa. Walowezi waliipinga, na serikali ikaiacha ikae kabatini.

Miaka 5 baada ya Sharpe kustaafu, yaani Januari 1915, Mchungaji John Chilembwe aliongoza maasi. Kitovu cha maasi yale kilikuwa shamba la Magomero, mojawapo ya mashamba makubwa yaliyotokana na hati zile. Thangata ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Kifungu kisichotekelezwa kilikuja kulipiwa kwa damu.

Na kodi nayo ilikuwa na karatasi yake. Katika utawala wa Sharpe kodi ya nyumba ilipandishwa, kisha yule aliyeweza kuonyesha cheti kwamba amemfanyia Mzungu kazi kwa mwezi mmoja alitozwa nusu tu. Hivyo kodi ikawa fimbo ya kuwachungia watu kuelekea mashambani. Mwaka 1903 Sharpe alikubali pia vijana 1,000 wa nchi yake waandikishwe kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, kwa mkono wa shirika ambalo watu wetu waliliita Wenela. Watu kutoka nchi za joto walikufa kwa wingi katika migodi ile, hasa kwa maradhi ya mapafu, hata mwaka 1913 Afrika Kusini yenyewe ikazuia kuandikisha watu wa kaskazini ya latitudo 22.

Wenela! Wazee wa Tukuyu hawahitaji kuelezwa neno hilo. Zuio liliondolewa baadaye, na katika miaka ya 1950, mtaalamu P. H. Gulliver alipochunguza habari za Rungwe, alikuta maelfu ya wanaume wakienda na kurudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Lupa, kule Chunya. Njia iliyofunguliwa kusini ya Songwe ilikuja kuwameza na vijana wa kaskazini yake.

Tusidhani kwamba upande wetu wa mto mambo yalikuwa mema zaidi. Mnamo Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani aliamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Ni yuleyule aliyetaka kuichukua. Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yakavuka kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg, na jina la Tukuyu likashika. Mwaka 1925 mji huohuo mdogo wa mvua na ukungu ulipokea wageni wa ajabu. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliwaita walowezi wa Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wakutane Tukuyu ili wazungumze namna ya kuziunganisha nchi hizi chini ya sauti yao. Walikuwa wanajadili ardhi ya watu ambao walikuwa nje, wakipita barabarani na ndizi vichwani. Tunashukuru kwamba mpango wao haukufaulu, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hilo liliwafunga mikono kiasi.

Je, tuseme basi kwamba sheria ni adui yetu na kila mwanasheria ni Sharpe? Hapana, ndugu wasikilizaji. Huko kutakuwa ni kukosea sana.

Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru hawakushika mikuki. Walitafuta mwanasheria. Walimpata Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York akaueleza ulimwengu jinsi walivyonyang'anywa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi ile iliwaamsha watu nchi nzima, na sauti yake ilisikika katika harakati za Uhuru. Elimu ya Seaton na elimu ya Sharpe ni ileile ya sheria ya Kiingereza. Tofauti ni nani aliyewatuma, na nani aliyeelewa kilichoandikwa.

Sharpe mwenyewe baada ya kustaafu aliendelea kusafiri Afrika, akaandika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1921, akafariki mwaka 1935. Kuna swala mdogo wa porini ambaye wataalamu walimpa jina lake. Kwao ni mtu wa kuheshimiwa, na sioni sababu ya kuwakatalia. Alikuwa jasiri, mchapa kazi, na alilipenda bara hili kwa namna yake. Lakini alama aliyotuachia sisi si yule swala. Ni mpaka na hati.

Mpaka ule haujatulia. Songwe, karibu na ziwa, ni mto unaohama. Mafuriko yakija hukata njia mpya, na watu wamejikuta shamba limebaki upande wa pili. Tanzania na Malawi zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Na yale maneno machache ya mwaka 1890 kuhusu ufuko wa ziwa yameleta mzozo tangu mwaka 1967, ukaibuka tena mwaka 2012, hata wastaafu wakubwa wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Mvuvi wa Kyela anayetupa nyavu alfajiri hakuwahi kuuliza maji ni ya nani. Aliyeandika karatasi ndiye aliyelileta swali hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Lakini historia ya Sharpe inatufundisha kuongeza kidogo: mali yaweza kupotea hata kwa daftari, ikiwa daftari limeandikwa na mwingine, kwa lugha ya mwingine, na wewe umetia dole tu.

Leo hatuna udhuru waliokuwa nao machifu wa Wangonde. Tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inayotambua haki ya kimila na kuvipa vijiji sauti juu ya ardhi yao. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili. Mwaka 2021 Bunge letu likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Haya ni mambo makubwa. Lakini sheria nzuri inayokaa kabatini ndiyo ileile ya Nyasaland ya mwaka 1904. Itatufaa tukiitumia.

Turudi kwa mzee wangu. Jioni ile nilimsomea mkataba wote, neno kwa neno, kadiri nilivyoweza. Tulipofika ukurasa wa 4 tulikuta kifungu kinachosema kwamba muda ukiisha, mkodishaji ana hiari ya kuongeza miaka mingine 33, kwa kodi ileile. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hata kama mimi sitaki?" Nikamwambia, "Hata kama hutaki." Akahesabu kwa vidole. Miaka 66. Akasema, "Basi mjukuu wangu atazaliwa, ataoa, atazeeka, hajakanyaga shamba la babu yake. Na huo ndio urafiki?"

Hakutia saini. Siku ya pili alipiga simu nyumbani, akawaambia ndugu zake wasipokee hata senti moja mpaka karatasi ije kwa Kiswahili, isomwe mbele ya ukoo na mbele ya uongozi wa kijiji, na aione wakili atakayechaguliwa na wao wenyewe. Kama mkodishaji ana nia njema, atakubali. Kwani ubaya uko wapi kukodisha shamba kwa masharti yanayoeleweka? Miparachichi ni zao zuri, na watu wa Rungwe wanahitaji fedha kama watu wengine.

Juzi alinieleza kwamba mkodishaji ameomba apewe muda afikirie. Na yeye, mzee, amepanda basi kwenda Tukuyu kuungojea huo uamuzi akiwa shambani.